Samaki kushika kwenye kikaango: kisa kimoja, hatua kwa hatua

Kisa chenyewe ni hiki. Minofu miwili ya samoni yenye ngozi iliingia kwenye kikaango cha chuma cha pua, na baada ya robo saa hivi ikatoka vipande vipande. Ngozi ilibaki chini imeshika, upande wa juu uliungua, sehemu nene ilikuwa bado mbichi katikati, na ncha nyembamba ilikauka hadi kumezwa ikawa kazi. Mpishi ni mdogo wangu. Si mgeni wa jiko, anajipikia kila siku, lakini samaki wa kukaanga kwa mafuta kidogo humshinda, na safari hii alishatoa hukumu. "Dada, hiki kikaango ni kibovu," aliniambia. "Nanunua kile kisichoshika."

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hukumu hiyo hutolewa na watu wengi, nami naamini si ya haki. Kikaango hakikuwa na kosa. Mkosaji wa kwanza alikuwa maji, wa pili alikuwa haraka. Yaliyofuata, yaani moto kupandishwa, samaki kugeuzwageuzwa, mfuniko kuwekwa, yote yalikuwa dawa, na kila dawa ikazaa ugonjwa mwingine. Tulikuwa na bahati moja: pakiti ilikuwa na minofu minne, na miwili ilibaki kwenye friji. Kwa hiyo tuliweza kuyapima maelezo yetu kwa samaki yuleyule, kikaango kilekile na jiko lilelile.

Alichofanya

Nilimwomba anisimulie tangu samaki alipotoka kwenye friza, asiruke kitu, hata kile anachoona hakina maana.

Minofu ilikuwa imeganda kabisa. Miwili akaihamishia kwenye friji, ikiwa ndani ya pakiti ambayo tayari ilikuwa imefunguliwa. Mingine miwili, ya kupikwa muda uleule, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya bomba mpaka ikalainika. Akaikung'uta, akaiweka kwenye sahani, akainyunyizia chumvi na pilipili manga pande zote. Kisha ndipo akawasha jiko. Kikaango kilikaa motoni dakika kama tano, mafuta ya alizeti yakiwa ndani tangu mwanzo. Alipoona mafuta yamekuwa mepesi na yanatembea upesi, akaweka minofu yote miwili kwa pamoja, ngozi chini.

Hapo nikamuuliza swali ambalo nalithamini kuliko mengine yote: ulisikia nini?

Akafikiri kidogo. "Ilitatarika kwa nguvu, halafu ikanyamaza. Baadaye ikawa kama inatokota."

Jibu hilo lilinipa nusu ya uchunguzi. Ngozi kavu ikikutana na mafuta ya moto hutoa mlio mkavu usiokatika, wa kasi moja, na mlio huo hupungua polepole kadiri unyevu uliomo ndani ya ngozi unavyokwisha. Mlio unaoanza kwa kishindo, ukafa, kisha ukageuka mtokoto mzito, unaeleza habari tofauti kabisa: maji yaliyokuwa juu ya samaki yameshusha joto la kikaango, yamekusanyika chini yake, na sasa samaki hakaangwi tena. Anachemka.

Baada ya dakika moja na kidogo aliogopa ngozi itaungua. Akaubana mnofu wa kwanza kwa koleo na kuuinua. Haukutoka. Akavuta, ngozi ikachanika na kubaki chini, mnofu ukageuzwa nusu uchi. Wa pili akausukuma pembeni kwa ncha ya koleo, ukakatika katikati. Upande wa nyama nao ukashika. Akaona kikaango kimejaa majimaji, akapandisha moto hadi mwisho ili yakauke. Yakakauka, moshi ukatanda, sehemu zilizogusa chuma zikawa nyeusi. Akakata ukingo kwa kisu, akakuta katikati kumekolea rangi ya samaki mbichi, na hapo akafunika mfuniko mpaka alipojiridhisha.

Picha aliyonitumia inaonyesha yote haya kwa mfuatano wake, ukiitazama vizuri. Chini ya kikaango kuna kipande cha ngozi cha kijivu, laini, kingo zake tu ndizo zimeungua. Kukizunguka kuna alama ya maji yaliyokauka, mduara wenye ukingo mweupe. Juu ya minofu yenyewe kuna mabaka matatu meusi, na kati ya mabaka nyama ni ya kufifia, haina hata dalili ya kahawia. Ubavuni yametoka madonge meupe yanayofanana na ute wa yai uliopikwa. Kila kimojawapo kina maelezo yake.

Kwa nini sikubali kukilaumu kikaango

Protini mbichi za samaki zikigusa chuma cha moto hukunjuka na kuacha umbo lake la asili. Zinapokunjuka hutafuta mahali pa kushika, na chuma tupu ni mahali pazuri mno. Hili hutokea kwenye kikaango chochote cha chuma ambacho hakikupakwa kitu juu, kiwe cha bei kubwa au ndogo. Ndiyo maana dakika ya kwanza karibu kila samaki hushika kidogo, hata mikononi mwa mpishi hodari. Tofauti ni kwamba mpishi hodari hajui habari hiyo, kwa sababu hajaribu kumwinua dakika ya kwanza.

Mkishika subira, mambo hubadilika. Maji ya sehemu inayogusa chuma huisha, protini hukaza na kushikana zenyewe kwa zenyewe, tabaka la kahawia hujengeka, na ule mshiko wa chuma unalegea. Mafuta nayo yanaingia katikati. Samaki aliyefika hapo anaachia mwenyewe: ukitikisa kikaango anateleza. Asiyeachia anakwambia hajafika. Hakuna saa inayoweza kukueleza jambo hilo vizuri kuliko samaki mwenyewe.

Je, kikaango kisichoshika kingemsaidia? Sehemu moja, ndiyo. Lile tabaka lake la PTFE, aina ya plastiki inayoteleza, ambalo mkemia Roy Plunkett aliligundua mwaka 1938, halina mahali ambapo protini zinaweza kushika. Samaki asingechanika. Lakini maji yangekuwa yaleyale, mtokoto ungekuwa uleule, na ngozi ingetoka nzima ikiwa imechemka, laini na yenye kuteleza, ambayo watu wengi huibandua na kuiweka pembeni ya sahani. Isitoshe, tabaka hilo huanza kuharibika likipita nyuzi 260 za Selsiasi, na kikaango kitupu kilichosahauliwa kwenye moto mkali hufika huko kwa dakika chache tu. Mtu ambaye dawa yake ya kwanza ni kupandisha moto hadi mwisho simshauri akitegemee. Kwa minofu myembamba sana ya samaki mlaini, ile inayosambaratika hata ukiitazama kwa jicho kali, nakipenda na ninakitumia. Kwa mnofu mnene wenye ngozi sioni sababu.

Kuna jambo moja tu la haki la kusema dhidi ya chuma cha pua: ni kizito kupitisha joto. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kukizidi. Kwa hiyo kikaango cha chuma cha pua chenye kitako chembamba huwa na sehemu inayoungua katikati na sehemu baridi pembeni. Waundaji wa vikaango vizuri huzika sahani ya alumini ndani ya kitako. Cha mdogo wangu kina kitako cha namna hiyo, kinene. Shutuma hiyo nayo ikaanguka.

Maji yalitoka wapi

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mnofu uliogandishwa huwa umeshajeruhiwa ndani. Fuwele za barafu hutoboa chembe za nyama, na barafu ikiyeyuka sehemu ya maji hayo hutoka nje. Halikwepeki, ila madhara yanapungua ukiyeyusha polepole ndani ya friji, usiku kucha, juu ya sahani inayopokea matone. Mdogo wangu alifanya kinyume: aliuzamisha mnofu uchi kwenye maji, akaongeza maji juu ya maji na kuiosha ladha humohumo. Aliyebanwa na muda anaweza kutumia maji baridi, mradi mnofu uwe ndani ya mfuko uliofungwa barabara. Na kwa kuwa nimegusia kuyeyusha, niseme na hili, maana ni la usalama: samaki aliyefungwa kwenye pakiti iliyonyonywa hewa yote, pakiti ifunguliwe kwanza kabla ya kumyeyushia kwenye friji. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, mwenye sumu kali, hustawi mahali pasipo na hewa.

Chanzo cha pili kilikuwa chumvi, na hiki kilimshangaza. Chumvi juu ya nyama mbichi huvuta maji ya ndani kuja nje. Tazama kwa karibu mnofu uliotiwa chumvi dakika tano zilizopita: utaona vitone vidogo vimejipanga juu ya ngozi, vinang'aa, vingine vimeungana na kuwa kidimbwi pale ngozi ilipobonyea. Mnofu wa namna hiyo ulikuwa mkavu dakika tano zilizopita na sasa umelowa, bila mtu kuumwagia kitu. Zipo nyakati mbili nzuri za kutia chumvi. Ya kwanza ni sekunde chache kabla ya samaki kuingia kwenye mafuta, chumvi isipate nafasi ya kuvuta. Ya pili ni robo saa au zaidi kabla, kisha maji yote yaliyotoka yafutwe, na kwa njia hii nyama hukaza kidogo na ladha huingia ndani zaidi. Dakika tano, wakati kikaango kinapata moto, ndio wakati mbaya kuliko yote. Ndio huohuo ambao mtu huutumia kwa kawaida, kwa sababu mikono yake iko huru.

Chanzo cha tatu ni kwamba hakufuta. Kukung'uta si kufuta.

"Lakini maji yenyewe kidogo tu," akasema. "Si yanakauka kwenye moto?"

Yanakauka, kwa gharama kubwa. Kuipasha moto gramu moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi ichemke kwenye nyuzi 100 kunahitaji nishati ya juli 335 hivi. Kuigeuza gramu hiyohiyo iliyokwisha chemka iwe mvuke kunahitaji juli 2,260, karibu mara saba. Nishati hiyo inatoka kwenye chuma kilichokuwa kimeisubiri ngozi. Vijiko viwili vya maji chini ya minofu miwili vinatosha kuupokonya moto wa wastani sehemu kubwa ya joto ulilokusanya kwa dakika tano. Na muda wote ambao maji yapo, sehemu inayoyagusa haipandi sana juu ya nyuzi 100.

Nyuzi 100 hazitengenezi kahawia. Mwingiliano wa protini na sukari unaozaa rangi hiyo na harufu yake, ambao mkemia wa Ufaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, hauendi kwa kasi ya kufaa jikoni mpaka joto la juu ya chakula lifike karibu nyuzi 140. Kati ya 100 na 140 kuna ukuta, na ukuta huo ni maji. Sasa lile baka la kijivu kwenye picha linaeleweka: ngozi iliyokaa dakika zote kwenye maji yanayotokota, ikalainika, ikatoa ute wake na kushika kwenye chuma, isipate hata nafasi ya kukauka ili iachie.

Nataka niwe wazi hapa, kwa sababu ushauri unaotolewa mara nyingi ni "pasha kikaango sana". Joto la kikaango ni muhimu, lakini ni la pili. Kikaango cha moto sana na samaki aliyelowa vitakupa kishindo kikubwa, mafuta yatakayokurukia mikononi, na baada ya nusu dakika utakuwa palepale alipokuwa mdogo wangu. Samaki mkavu kwenye kikaango cha moto wa kadiri atafanikiwa, atachukua tu muda mrefu zaidi.

Dawa zilizozaa magonjwa

Kumvuta kwa nguvu ndiko kulikochana ngozi, hilo halina mjadala. Ila angalia lilichosababisha. Ngozi ni ngao: inachukua joto kali badala ya nyama na kuifanya iive taratibu kutoka chini. Ilipobaki kwenye chuma, nyama laini ikawekwa uso kwa uso na moto. Na mpishi aliyekwisha kuona samaki wake anachanika hutaka jambo liishe upesi, kwa hiyo akapandisha moto.

Moto mkali humaliza maji, kweli, lakini joto haliingii ndani ya samaki kwa kasi ya moto wa nje. Linasafiri kwa mwendo wake, na muda linaohitaji hukua kwa mraba wa unene: mnofu wenye unene mara mbili unahitaji karibu mara nne ya muda. Mnofu wake ulikuwa na sentimita tatu upande wa mgongo na sentimita moja hivi upande wa tumbo. Kwa hesabu hiyo ncha nyembamba huwa tayari katika sehemu moja ya tisa ya muda wa sehemu nene. Jikoni hesabu haitoki sawasawa hivyo, lakini mwelekeo ni huo. Kupandisha moto hakupunguzi pengo hilo. Kunaliongeza, kwa sababu nje na ncha zinakimbia huku katikati kunatembea mwendo uleule.

Protini za samaki nazo hazina subira za nyama ya wanyama wa nchi kavu. Miosini, protini kubwa ya misuli, huanza kukaza tangu nyuzi 40, na ukifika nyuzi 50 hivi nyama imeshaanza kuwa nyeupe na kuachana kwa matabaka, kwa kuwa tishu zinazoyashikanisha matabaka hayo huyeyuka mapema. Aktini, protini nyingine ya misuli, hufuata juu ya nyuzi 60, na hapo ndipo misuli inapojikamua maji yake. Yale madonge meupe ubavuni ni protini zilizokuwa zimeyeyuka ndani ya majimaji ya nyama. Zilikamuliwa nje, zikaganda zilipokutana na joto. Si sumu wala uchafu. Madonge machache ni kawaida, mengi ni alama kwamba nyama imebanwa na moto kupita kiasi.

Mfuniko ulimaliza kazi. Ulifanikiwa kuivisha katikati, maana mvuke hupeleka joto kila upande, lakini kama kulikuwa na tumaini lolote la sehemu kavu juu ya samaki, mvuke uliliondoa. Kufunika ni njia halali ya kupika samaki, hata mimi hufanya hivyo nikitaka samaki wa mvuke. Hakuendi pamoja na ngozi kavu, basi.

Minofu miwili iliyobaki

Kesho yake nilisimama pembeni, yeye akapika. Tulikubaliana kwamba sitashika kitu.

Minofu ilikuwa imeyeyuka kwenye friji. Akaifuta kwa karatasi za jikoni, pande zote, akabadilisha karatasi, akafuta tena. Nikamwonyesha kwa maneno jambo moja zaidi: laza ngozi juu, chukua mgongo wa kisu, ukiburute juu ya ngozi kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kukandamiza kidogo. Alipofanya hivyo, mbele ya kisu kukajikusanya utelezi wa kijivu, maji na magamba mawili yaliyosahaulika wakati wa kuparuliwa. Akafuta kisu, akarudia, mpaka kisu kikawa kinapita kikavu. Kisha akairudisha minofu kwenye friji kwa muda wa saa moja, ngozi juu, bila kuifunika. Hewa ya friji ni kavu, nayo hufanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Ilipotoka, ngozi ilikuwa imefifia mng'aro na kidole hakikuteleza juu yake.

Kikaango kikawekwa kwenye moto wa wastani, kitupu. Akadondosha tone la maji. Likatokota na kukauka. Akasubiri, akadondosha lingine, nalo likafanya vilevile. Baadaye kidogo tone halikutandaa tena, likajiviringisha na kukimbia huku na huko juu ya chuma. Daktari wa Ujerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, alilieleza jambo hilo mwaka 1756: chuma kikiwa cha moto sana, karibu nyuzi 200 kwa maji, tone hubebwa na mvuke wake lenyewe na haligusi chuma. Kwa kikaango cha chuma tupu ni kipimo kizuri kisichohitaji kifaa. Kwa kile chenye tabaka la kutoshika nakikataza, kwa sababu nilizokwisha taja.

Akapunguza moto kidogo, akamimina mafuta ya kutosha kutandaa chini. Alikuwa ametaka kuanza na siagi. Nikamkatalia, kwa kuwa yabisi za maziwa zilizomo huanza kuungua kwenye nyuzi 150 hivi, wakati mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanavumilia zaidi ya nyuzi 200. Siagi ina wakati wake mwishoni. Chumvi ikanyunyizwa, na mara hiyohiyo mnofu wa kwanza ukalazwa, ngozi chini, kwa kuanzia ncha iliyo karibu naye na kuushusha kuelekea mbele ili mafuta yasimrukie. Ngozi ikipata moto husinyaa, mnofu hutaka kujikunja na kuinua katikati yake. Akaukandamiza kwa mwiko bapa, bila kuuponda, mpaka alipohisi hausukumi tena mkono, sekunde kama ishirini. Wa pili akauweka mbali na wa kwanza, nafasi ikabaki kati yao ya kupitisha mvuke.

Mlio ulikuwa mmoja tangu mwanzo.

Dakika ya pili ilipopita mkono wake ukaenda kwenye koleo. "Dada, nisimguse kidogo tu?"

"Mwache."

"Ataungua."

"Sikiliza. Angekuwa anaungua mlio ungekuwa umekatika na ungeona moshi."

Tukatazama ubavu wa mnofu badala yake, kwa kuwa ndio unaoonyesha joto linavyopanda. Mstari mwepesi wa nyama iliyoiva ulikuwa chini, karibu na ngozi, juu yake nyama bado ikiwa na rangi nzito ya kung'aa. Mstari ukapanda taratibu. Ulipofika zaidi ya nusu, dakika ya tano au ya sita, mlio ukawa mwembamba zaidi. Akatikisa kikaango, na mnofu wa kwanza ukateleza wenyewe. Wa pili uligoma. Hakuuvuta. Akauachia muda kidogo, akatikisa tena, ukaachia.

Akaingiza mwiko bapa chini yake na kugeuza. Ngozi ilikuwa nzima, kahawia iliyokolea, kavu, na alipoigonga kwa ncha ya mwiko ilitoa sauti. Hapo ndipo alipotia kipande cha siagi, akazima moto, akauacha upande wa nyama upate joto lililobaki kwa chini ya dakika moja. Minofu ikatolewa na kuwekwa ngozi juu. Kuiweka ngozi chini kwenye sahani ya baridi kungerudisha mvuke chini yake na kuharibu kazi yote ya dakika sita. Kwa sababu hiyohiyo mchuzi wa siagi na limau uliwekwa pembeni, haukumwagwa juu.

Madonge meupe yalitoka machache, mstari mwembamba tu. Kikaango hakikubaki na kipande cha ngozi. Kikaango kile kile.

Ambapo watu wawili wenye busara wanaweza kutofautiana

Bado kuna suala la kiasi cha kuiva, na hapa sitaki kulazimisha. Mamlaka za afya za Marekani zinapendekeza samaki afike nyuzi 63 katikati. Wapishi wengi wa samoni humtoa akiwa na nyuzi 50 hadi 52, akapanda nyingine chache akipumzika, kwa sababu ladha yake na ulaini wake viko hapo. Kati ya namba hizi mbili kuna aktini, na kuna usalama. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, mimi nampikia hadi 63 bila kubishana. Kwa wengine, hofu kubwa ni minyoo ya Anisakis, ambayo hufa kwa joto la nyuzi 60 kwa dakika moja. Kugandisha nako kunaiua, lakini maelekezo ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku saba, na friza nyingi za nyumbani zimepangwa kwenye 18 chini ya sifuri, hivyo pakiti ya nyumbani isichukuliwe kuwa imehakikishwa. Kipimajoto chembamba kinachochomwa ubavuni, katikati ya sehemu nene, humaliza mjadala kwa sekunde chache. Ningekinunua hicho kabla ya kufikiria kikaango kipya.

Wapo wanaopaka unga kidogo juu ya ngozi. Unga hunyonya unyevu uliobaki na kupata rangi upesi, na kwa mtu ambaye hana saa moja ya kukausha kwenye friji ni msaada wa kweli. Mimi siutumii kwa sababu unga unaobaki kwenye mafuta huungua kabla ya samaki kuiva, lakini sina ugomvi na anayeutumia na kuukung'uta vizuri.

Tatizo moja la kisa hiki halikutatuliwa na ukavu wala subira. Ncha nyembamba ya minofu ya pili nayo ilikauka, si kwa kiasi cha ile ya kwanza, ila ilikauka. Mraba wa unene haubembelezwi. Tuliafikiana kwamba safari nyingine atakata ile sehemu nyembamba ya tumbo kabla ya kupika, aitie chumvi peke yake, na aiweke kwenye kikaango wakati sehemu nene imeshafika nusu ya safari yake. Kama hataki kukata, akunje ncha hiyo chini ya mnofu ili unene ulingane, ingawa sehemu iliyokunjwa haitapata ngozi kavu. Ningekata.